Wakulima wa Pwani na Miaka ya Ukame

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mvua na njaa, na jinsi wakulima wa pwani yetu, tangu zamani za kale hata siku hizi, walivyojifunza kuishi katika nchi ambayo mvua yake haina ahadi. Hatusemi habari hizi ili kuwatia watu hofu, wala kuwasifu wazee kupita kiasi. Twazisema kwa sababu mtu asiyeijua njia aliyoipita baba yake hupotea mahali pale pale ambapo baba yake alikwisha kuweka alama.

Kila akaaye Ganze, au Magarini, au Kinango, aikumbuka miaka ya 2020 hata 2023. Vuli ya mwaka 2020 haikutosha. Masika ya mwaka 2021 yalipita na mawingu matupu. Vuli ya mwaka huo ikafuata nyayo zile zile, na masika ya mwaka 2022, na vuli yake pia. Misimu mitano ilifuatana, na yote mitano ilishindwa. Jambo ambalo halikuonekana kwa muda wa miaka 40. Mwezi wa Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ukame huo ni msiba wa nchi nzima. Mabwawa yalibaki matope, kisha vumbi, na ng'ombe walianguka njiani wakiyatafuta maji. Halafu, katika mwezi wa Novemba 2023, mvua ikaja kwa ghadhabu, ikazoa mazao, madaraja na nyumba. Watu waliokuwa wakilia kwa kukosa maji sasa walilia kwa sababu ya maji.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni mageni kabisa, wala hayakupata kuonekana. Wako na wengine wasemao kwamba ukame ulikuwako tangu hapo, basi hakuna neno la kushangaza. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli na kuiacha nusu ya pili. Na tutazame, basi, mambo yalivyokuwa.

Nchi na pepo zake

Kabla ya kusema habari za watu, yatupasa kuitazama nchi. Pwani yetu ya Kenya, kwa mtu atokaye baharini kuelekea bara, ni kama mkeka wenye mistari mitatu. Mstari wa kwanza ni ule wa minazi na miembe, ambako mvua ya mwaka hufika milimita 1000 na pengine huzidi. Wa pili ni ule wa vilima vya Rabai, Ribe, Kaloleni na Chonyi, penye misitu ya Kaya ambayo Wamijikenda waliitunza tangu zamani. Wa tatu ni nyika, nchi ya miiba na mibuyu, ambako mvua hupungua hata ikawa nusu ya ile ya pwani, na mwaka mwingine haifiki hata hapo. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuivuka mistari yote mitatu kwa siku moja au mbili. Neno hili ni kubwa katika habari yetu, maana mwaka ambao nyika imekauka, huenda vilima vimepata kidogo, na pwani imepata zaidi. Aliyekuwa na ndugu au rafiki katika kila mstari hakuwa maskini, hata kama ghala yake ilikuwa tupu.

Mvua zetu hufuatana na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nayo ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, ikayarudisha kwao. Pepo hizo zinapogeuka, ndipo mvua hupatikana: masika, ambayo wengine huiita mvua ya mwaka, tangu mwisho wa Machi hata mwanzo wa Juni, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Masika ni mama wa shamba. Vuli ni mama wa kambo: mwaka mmoja mpole, mwaka mwingine mkali.

Wazee hawakuwa na karatasi ya tarehe ukutani, walakini walikuwa na hesabu yao. Waswahili waliuhesabu mwaka wa jua tangu siku ya Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Na huko Makunduchi, Unguja, hata leo watu huiadhimisha siku hiyo katika mwezi wa Julai kwa sherehe iitwayo Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365, nazo zimegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kuzidi. Nahodha alijua kwa mwongo wakati wa kutweka tanga, na mkulima alijua kwa mwongo wakati wa kushika jembe.

Lakini angalieni, wasikilizaji. Hesabu hiyo haiongezi siku moja kila mwaka wa nne kama tufanyavyo sisi katika mwezi wa Februari. Kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka minne, na katika miaka 100 huteleza siku 24 au 25. Mkulima ambaye angaliushika mwongo wa babu wa babu yake bila kuinua macho, angalipanda karibu mwezi mzima kabla ya wakati, na mbegu zake zingaliliwa na chungu na panya. Basi wazee walishika hesabu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili walishika dalili: mgeuko wa upepo, kuchanua kwa miti, na nyota za Kilimia, ambazo jina lake lenyewe lafanana na kulima. Walijua kwamba kanuni ya mwaka jana yapaswa kusahihishwa mwaka huu. Hilo ndilo somo la kwanza.

Chakula cha watu wa kale

Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, aliifikia pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10. Aliandika kwamba watu wake walikula ndizi kwa wingi, lakini tegemeo lao lilikuwa mtama, pamoja na mzizi mmoja uliochimbwa ardhini. Wataalamu wa mambo ya kale nao wamechimba kisiwani Pemba. Huko Tumbe, mji uliokuwako kabla ya mwaka 1000, walikuta punje za uwele kwa wingi. Huko Chwaka, mji uliofuata baadaye, walikuta mpunga umechukua nafasi. Mpunga ni mgeni aliyetoka Asia, naye apenda maji. Na Pemba ni kisiwa chenye mvua nyingi. Watu wale, basi, waliupokea mgeni kwa kuwa nyumba yao ilimfaa. Ndugu zao wa nyika hawakuweza kufanya hivyo, wakabaki na mtama na uwele, na hawakukosea.

Ibn Battuta wa Morocco alipofika Mombasa katika mwaka 1331, alikuta watu wa kisiwa wakila ndizi na samaki, wala hawapandi nafaka. Nafaka yao ililetwa kutoka nchi ya mrima. Maneno hayo machache yatuonyesha jambo kubwa. Mji na shamba vilikuwa vikitazamana ng'ambo ya maji, kila mmoja akiwa akiba ya mwenzake. Mwenye mji alikuwa na nguo, samaki wakavu, chumvi na fedha. Mwenye shamba alikuwa na nafaka. Mwaka wa neema nafaka iliteremka kwenda mjini, na mwaka wa njaa watu wa bara waliteremka wenyewe kwenda kuitafuta. Biashara hiyo ilikuwa kinga, lakini, kama tutakavyoona, ilikuwa kinga yenye makali pande mbili.

Wageni kutoka Marekani

Katika mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na baada yake Wareno waliiunganisha pwani yetu na nchi za mbali, hata Brazil. Kwa njia hiyo tulipata mazao ambayo leo twayaona kuwa yetu tangu asili: mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, korosho. Mtoto wa leo akiambiwa kwamba babu wa babu yake hakuijua sima ya mahindi, husema anadanganywa. Walakini ndivyo ilivyokuwa. Hata karne ya 19 Wamijikenda wengi walikuwa wakiishi kwa mtama, uwele na wimbi, na mahindi yalizidi kuenea katika karne hiyo hata yakavishinda vyote.

Kwa nini mkulima mwenye akili aliuacha mtama? Hakufanya hivyo kwa upumbavu. Mahindi yamejifunika kwa maganda yake, wala ndege hawayapati kwa urahisi. Bali mtama na uwele hukaa wazi juu ya mabua, kama karamu iliyoandaliwa kwa ndege. Mahindi huliwa mabichi, ya kuchoma au kuchemsha, kabla ya mavuno kamili, na hivyo huikata njaa ya katikati ya mwaka. Tena mahindi hayataki kupepetwa na kutwangwa kwa taabu kama wimbi. Na katika mwaka wa mvua njema, shamba la mahindi hutoa kuliko shamba la mtama lililo sawa nalo.

Haya yote ni kweli. Lakini mahindi yana udhaifu mmoja, nao ni mkubwa. Wakati yanapotoa mbelewele na nywele, yakikosa maji kwa siku chache tu, mhindi mzima huwa hauna kitu. Mtama sivyo. Ukiona kiu huyakunja majani yake, ukaacha kukua, ukangoja. Na mvua ikirudi huamka. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Waliouacha mbachao kabisa walikuja kujuta.

Miaka ya njaa

Katikati ya miaka ya 1880 ilikuja njaa ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge. Mvua zilikatika, na watu wa nyika wakateremka pwani. Hapo ndipo kinga ile ya biashara ilipoonyesha makali yake ya pili. Aliyekuwa na ng'ombe alimtoa ng'ombe. Aliyekuwa hana ng'ombe alimtoa mtu. Watoto na jamaa waliwekwa rehani kwa watu wa miji ili nyumba ipate nafaka, kwa ahadi kwamba watakombolewa mvua ikirudi. Na wengi hawakukombolewa, wakawa watumwa. Twasema neno hili kwa huzuni, maana wako wasomaji wetu ambao nyanya zao walikuwa miongoni mwa watoto wale. Asemaye kwamba zamani watu hawakufa kwa ukame kwa kuwa wazee walikuwa na hekima, na akumbuke rehani ya Mwakisenge.

Haikupita miaka mingi, na katika mwaka 1898 hata 1900 ikaja njaa nyingine, iliyoenea tangu pwani hata Ukambani. Wagiriama waliipa jina la Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula yaliyoletwa kuwaokoa watu. Jina hilo latufundisha. Njaa za kale zilipewa majina kama watoto wanavyopewa majina, ili zisisahauliwe, na mtu aliweza kusema, nilizaliwa kabla ya Magunia, au nilioa baada yake. Jina la njaa lilikuwa kitabu cha wale wasiokuwa na kitabu.

Watu walifanya nini baada ya njaa hizo? Walihama. Wagiriama walivuka Mto Sabaki wakafungua mashamba mapya upande wa kaskazini, nchi yenye rutuba, na kwa miaka michache wakawa wauzaji wa nafaka. Kuhama lilikuwa jembe la pili la mkulima wa nyika: shamba likichoka au mvua ikikosekana, humwachia Mungu ardhi ile ipumzike, akaenda kwingine. Lakini serikali ya Kiingereza ilitaka watu hao warudi kusini ya mto, tena ilitaka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya watu wengine. Wagiriama walikataa. Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, aliwaita watu wasitii. Akakamatwa katika mwaka 1913, akapelekwa mbali hata Kisii. Mwaka 1914 vita vikazuka, nyumba zikachomwa, na watu wakatolewa ng'ambo ya Sabaki. Baada ya miaka michache waliruhusiwa kurudi, walakini ukame wa mwaka 1918 uliwakuta wengi hawana akiba. Hilo ni somo jingine: ukame hutoka mbinguni, bali njaa mara nyingi hutoka kwa watu. Mkulima aliyefungwa miguu hawezi kuyafuata mawingu.

Muhogo, mlinzi asiyesifiwa

Katika wageni wote, aliyetuokoa mara nyingi zaidi ni muhogo, naye ndiye asiyesifiwa. Hakuna mtu afanyaye arusi kwa muhogo. Lakini fikirini kazi yake. Unapokuja ukame, mti wake huangusha majani, ukayapunguza matumizi ya maji, ukaendelea kuishi. Mizizi yake haina haja ya ghala. Hukaa ardhini mwaka mmoja, pengine miwili, ikimngoja mwenyewe. Ile michungu huepukwa na nguruwe na panya, na binadamu huimenya, akaianika, akapata makopa ya kusaga unga. Katika siku za utawala wa Kiingereza wakulima wa sehemu nyingi za Tanganyika waliamriwa kupanda muhogo uwe akiba ya njaa. Wengi walichukia amri, lakini walipata chakula.

Hata muhogo una adui zake. Katika karne ya 20 magonjwa mawili yaliusumbua sana pwani: ule wa batobato, ugeuzao majani kuwa ya manjano na kuyapinda, na ule wa michirizi ya kahawia, uozeshao mizizi ndani kwa ndani huku majani yakionekana mazima. Amani, katika milima ya Usambara, kilikuwako kituo cha uchunguzi kilichoanzishwa na Wajerumani katika mwaka 1902. Ni huko, katika mwaka 1936, mtaalamu H. H. Storey alipoueleza ugonjwa wa michirizi kwa mara ya kwanza. Na yeye na wenzake wakaupandanisha muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará, ili watoto wao wapate nguvu za kuyashinda magonjwa. Mbegu nyingi zilizopandwa pwani baadaye zina damu ya kazi ile. Basi, wasikilizaji, msidhani kwamba kuchagua mbegu ni kazi ya wazee wa kijijini peke yao, wala kwamba ni kazi ya wataalamu peke yao.

Ndege, watoto na shule

Sasa twafika penye neno linalotugusa sisi walimu, nasi hatutalificha.

Tumesema kwamba mtama huliwa na ndege. Zamani, nafaka ikikaribia kukomaa, kila shamba lilijengwa dungu, na juu ya dungu alikaa mtoto na kombeo lake, tangu alfajiri hata magharibi, akipiga kelele na kurusha mawe. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto. Kisha zikaja shule. Mtoto akitakiwa darasani saa moja na nusu asubuhi, nani atakayekaa juu ya dungu? Mama aliye peke yake hawezi kulima, kuteka maji na kufukuza ndege. Basi akapanda mahindi. Haikuwa amri ya mtu; ilikuwa hesabu ya nyumba. Shule, ambayo ilitufanya tuwe watu wa kalamu, ndiyo iliyosaidia kuuondoa mtama mashambani.

Tena tuliongeza kosa juu ya jambo lisilokuwa kosa. Tulipokuwa wanafunzi, katika miaka ya 1990, shamba la shule yetu lilipandwa mahindi tu, kwa mistari iliyonyooka, na mwenzetu aliyeleta sima ya mtama alichekwa hata akaila amejificha. Nasi tulicheka. Mwalimu hakutukataza, maana naye alikuwa akicheka.

Mwezi wa Septemba 2021, mvua mbili zikiwa zimekwisha kushindwa, tulikwenda kumwamkia bibi yetu, mzaa mama, katika nchi kavu iliyo nyuma ya vilima. Jikoni mwake, juu ya meko, ndani ya moshi, lilining'inia buyu limezibwa. Tulimwuliza lina nini. Akajibu, "Lina mtama wa mama yangu. Ninyi mmesoma, hamna haja nao." Hatukuwa na la kusema. Tulipomwomba mbegu alitupimia kibaba kimoja, kwa sharti kwamba tumrudishie viwili.

Masika ya mwaka 2022 tuliipanda katika kipande kidogo cha shamba la chuo chetu cha ualimu, na kando yake tukapanda mahindi. Mvua ilikuwa haba kama ilivyokuwa kwa majirani wote. Mahindi yalikauka kabla ya kutoa mbelewele. Mtama ulidumaa, ukakunja majani, nasi tukadhani umekufa. Mvua mbili tatu zilipokuja baadaye, ukasimama tena. Kisha wakaja ndege. Hapo wanafunzi wetu wa ualimu, watu wazima, walijenga dungu wakakaa kwa zamu, wawili wawili, na vitabu vyao mapajani. Watu wapitao njiani waliwacheka. Hatukujaza ghala, mavuno yote yaliingia katika gunia moja, wala halikujaa. Lakini kutoka kwa mahindi hatukupata hata punje ya kuwapa kuku.

Tulimpelekea bibi vibaba vyake viwili. Aliumwaga mtama juu ya ungo, akautazama sana, akatenga karibu nusu yake pembeni. Akasema, "Hii ni ya kula, si ya kupanda. Mlichagua baada ya kuvuna. Mbegu huchaguliwa ingali shambani, ukiona mti uliovumilia kuliko wenzake, nao umesimama katikati, si pembeni. Rudini mwaka ujao, mwalimu, mmalize deni." Tangu siku hiyo twafundisha somo la kuchagua mbegu tukiwa shambani, wala si ubaoni.

Mambo mapya

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Je, ukame huu ni ule ule wa kale? Nusu ni ule ule. Tangu zamani, bahari upande wetu ikipoa na ile ya upande wa Indonesia ikipata joto, vuli yetu hupungua; na mambo yakigeuka, vuli huzidi kiasi hata ikawa mafuriko, kama ilivyokuwa katika mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Hayo ndiyo yaliyowapata wazee bila kuyajua sababu yake.

Lakini nusu ya pili ni mpya. Kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, hasa katika nchi za viwanda, watu wameitia dunia joto zaidi ya digrii moja kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda hivyo. Joto hulichukua maji la ardhi upesi, hata mvua ikinyesha kiasi kile kile. Katika mwaka 2023 kundi la wataalamu wa hali ya hewa lilitoa hesabu yake kwamba joto hilo lilifanya ukame wa miaka ile mitatu uwe rahisi kutokea angalau mara 100 kuliko zamani. Bahari nayo imepanda. Huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga yaliyolisha watu tangu enzi. Mkulima ambaye hakupata kuwa na kiwanda hulipa deni la mwenye kiwanda. Hilo si haki, na yafaa lisemwe wazi.

Walakini mkulima hangoji hukumu ndipo apande. Katika Kilifi na Kwale watu huchimba mashimo mapana ya futi mbili, wakatia samadi na majani makavu, wakapanda ndani yake, ili kila tone la mvua likae pale penye mzizi. Ujuzi huo ulitokea Burkina Faso. Wengine hupanda mahindi ya muda mfupi yaliyochaguliwa kwa ajili ya nchi kavu, pamoja na kunde na pojo ambazo huiva kwa miezi miwili au zaidi kidogo. Huko Gazi, katika Kwale, tangu mwaka 2013 wanakijiji huitunza mikoko yao, ambayo huzuia mawimbi na kuhifadhi samaki, na watu wa nchi za mbali huwalipa kwa kazi hiyo. Fedha zimetumika kwa maji na shule. Wenye korosho huwa na kitu cha kuuza mwaka ambao nafaka imekataa.

Mtu akiyatazama mambo haya kwa makini, ataona kwamba hakuna hata moja lililo geni kabisa. Kupanda mazao mengi, kuwa na jamaa au biashara katika nchi iliyo mbali na yako, kusahihisha hesabu ya majira, kuchagua mbegu kwa macho, kumpokea mgeni afaaye bila kumfukuza mwenyeji: ndiyo mambo yaliyowahifadhi waliohifadhika. Na kuweka yote katika zao moja, kufungwa mahali pamoja, kuwa na deni kwa mwenye ghala: ndiyo yaliyowaangamiza walioangamia.

Basi, wasikilizaji wetu, tuna ombi moja dogo. Ninyi wanafunzi, mtakaporudi nyumbani jioni ya leo, mwulizeni mzee aliye karibu nanyi maswali matatu: Njaa gani aikumbuka, nayo iliitwaje? Watu walikula nini mwaka ule? Na mbegu gani iliyokuwako zamani haionekani tena? Andikeni majibu katika daftari, pamoja na mwaka, kama mwaweza kuujua. Na kama mzee huyo ana buyu juu ya meko, mwombeni kibaba kimoja, mkubali sharti lake, mkalipe deni. Akiba haiozi, wala maarifa hayaozi, ila yakifungiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja yatazikwa pamoja naye. Kwa herini.